John McLendon, kocha wa vyuo vidogo aliyedai kitanda kabla ya kombe

Vijana wengi wa Kivu Kaskazini wanalijua jina la Jonathan Kuminga. Alizaliwa Goma mwaka wa 2002, akachaguliwa wa saba kuingia ligi ya NBA ya Marekani mwaka wa 2021, na mwaka uliofuata akawa bingwa pamoja na timu ya Golden State Warriors. Wazazi wao wanamkumbuka zaidi Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki mwaka wa 2024. Hata Masisi na Walikale, ambako mpira wa miguu ndio unapendwa zaidi, majina hayo mawili hayahitaji maelezo.

Lakini mlango waliopitia haukuwa wazi siku zote. Kuna wakati ambapo kijana mweusi, hata awe na kipaji cha namna gani, hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo alichosomea. Kati ya waliousukuma mlango huo ni John McLendon, mwalimu ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza katika vyuo vidogo vya watu weusi, vyenye pesa kidogo na viwanja vidogo.

McLendon alizaliwa tarehe 5 mwezi wa nne mwaka wa 1915 katika mji mdogo wa Hiawatha, jimbo la Kansas. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, na watoto wakagawanywa kwa ndugu. Baadaye alirudi kwa baba yake, akasoma, na mwaka wa 1933 akaingia Chuo Kikuu cha Kansas kujifunza ualimu wa michezo.

Pale chuoni alikuwepo mzee James Naismith, ndiye aliyeubuni mpira wa kikapu mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1891 kwa kutundika vikapu viwili vya matunda ukutani. Naismith alimpokea kijana huyo na kuwa mshauri wake wa masomo. Lakini timu ya chuo ilikuwa ya wazungu tu. Hivyo McLendon alijifunza mchezo kutoka kwa mtu aliyeuanzisha, bila ruhusa ya kuucheza kwa jina la chuo chake.

Hata bwawa la kuogelea lilikuwa na ubaguzi, wakati kuogelea ni sehemu ya masomo yake. Alipoingia majini, maji yote yalimwagwa. McLendon hakuondoka. Alikubaliana na wakubwa wa michezo kwamba bwawa lifunguliwe kwa wote kwa muda wa majaribio, na kama hakuna fujo, libaki wazi. Kisha akawaomba wanafunzi weusi wenzake wasiingie majini kabisa siku hizo. Fujo haikutokea, na bwawa likabaki wazi. Mwaka wa 1936 alimaliza masomo, mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya michezo katika chuo hicho.

Mwaka wa 1937 alikwenda Durham, jimbo la North Carolina, kufundisha katika chuo cha watu weusi, North Carolina College. Mwaka wa 1940 akawa kocha mkuu. Wakati ule timu nyingi zilicheza polepole: kupasiana, kusimama, kutafuta nafasi. McLendon aliwafundisha wachezaji wake kukimbia. Mara tu mpira unaponyakuliwa, timu nzima inashambulia kabla adui hajajipanga. Mpira ukipotea, wanambana adui uwanja mzima. Mchezo wa namna hiyo unahitaji pumzi, kwa hiyo mazoezi yake yalikuwa magumu kuliko mechi zenyewe. Leo NBA nzima inacheza kwa mbio hizo.

Ikumbukwe kwamba katika majimbo ya kusini sheria ilikataza weusi na wazungu kukaa pamoja shuleni, ndani ya basi na mezani. Mjini Durham wazungu walikuwa na timu ya shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Duke, iliyokuwa na wachezaji hodari. Vijana wa McLendon nao walikuwa wameshindwa mara moja tu msimu ule. Kila upande ulitaka kujua nani ni bora, lakini kucheza pamoja kulikuwa hatari. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 1944, dereva wa basi mjini humo alimuua kwa risasi askari mweusi baada ya ubishi kuhusu kiti, na mahakama ikamwachilia dereva huyo.

Hata hivyo mechi ilichezwa. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka wa 1944, saa ambayo watu wengi wako kanisani. Wachezaji wazungu walifika wakiwa wamejifunika makoti kichwani. Milango ikafungwa kwa ufunguo. Hakukuwa na watazamaji, isipokuwa wanafunzi wachache waliochungulia madirishani. Timu ya McLendon ilishinda 88 kwa 44. Kisha wakafanya jambo ambalo sheria ilikataza zaidi: walichanganya timu, weusi na wazungu upande mmoja, wakacheza tena. Mwandishi wa gazeti la weusi aliyepata habari alikubali kunyamaza ili asiwaponze. Siri hiyo ilikaa zaidi ya miaka 50, hadi mwaka wa 1996, mwanahistoria Scott Ellsworth alipoiandika gazetini.

Mwaka wa 1954 McLendon alihamia chuo cha Tennessee A&I, mjini Nashville. Shirikisho la vyuo vidogo, NAIA, lilikuwa limeanza kuvikubali vyuo vya weusi, na timu yake ikaalikwa kwenye mashindano ya Kansas City. Kwa wengi mwaliko peke yake ungetosha. McLendon aliweka sharti kwanza: wachezaji wake walale katika hoteli za katikati ya mji kama timu nyingine, na wale walipo wenzao. Bila hivyo hawaendi. Waandaaji walikubali. Weusi walikuwa wamezoea kutafutiwa vyumba kwenye nyumba za watu pembeni ya mji, kwa hiyo sharti hilo lilikuwa zito kuliko mechi yenyewe.

Kuhusu uwanja, matokeo yalizungumza. Tennessee A&I ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo mwaka wa 1957, ikaurudia 1958, na tena 1959. Hakuna timu ya chuo iliyokuwa imewahi kushinda ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo. Nyota wake Dick Barnett alikuja kuwa bingwa wa NBA na New York Knicks.

Mwaka wa 1961 McLendon alipewa timu ya kulipwa, Cleveland Pipers, na mwaka wa 1966 akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika chuo cha wazungu wengi, Cleveland State. Heshima ilichelewa. Mwaka wa 1979 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu, lile lenye jina la mwalimu wake Naismith, lakini kama mtu aliyechangia mchezo, si kama kocha. Alifariki tarehe 8 mwezi wa kumi mwaka wa 1999. Aliingizwa tena, safari hii kama kocha, mwaka wa 2016, miaka 17 baada ya kuzikwa. Wachezaji wake wa Tennessee A&I waliheshimiwa kama timu mwaka wa 2019, wakati wengine wao walikuwa wamekwisha kufa.

Familia zilizolala madarasani na makanisani baada ya kuikimbia vita ya Masisi na Walikale zinajua maana ya kuambiwa zishukuru kwa chochote zinachopewa. McLendon alishukuru kwa mwaliko, lakini hakukubali shukrani ichukue nafasi ya haki. Aliona kwamba mchezaji aliyekataliwa kitanda na sahani ameingia uwanjani akiwa nyuma kwa alama nyingi kabla ya filimbi. Wale wanaowafundisha watoto michezo kwenye viwanja vya udongo, bila mshahara na kwa mpira mmoja, wanafanya kazi aliyoianza yeye katika chuo kidogo cha Durham: kumwandaa mtoto awe na pumzi ya kutosha mlango utakapofunguliwa, na ajue kwamba akiingia, ana haki ya kukaa mezani na wengine.