KUMTAFUTA BABU KATIKA HESABU YA WATU



Vijana wetu wa Masara huuliza kama majina ya mababu yaweza kupatikana katika hesabu ya watu. Twajibu kwamba njia hiyo haifiki mbali. Hesabu za mwaka 1921 na 1931 hazikumhesabu Mwafrika mmoja mmoja. Alihesabiwa mara ya kwanza mwaka 1948, na vitabu vilivyochapishwa vyaonyesha jumla za watu, si majina.

Aliyemwandika babu kwanza ni karani wa kodi. Kodi ya nyumba iliwekwa kwa sheria mwaka 1901. Kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mtu aliyelipia nyumba tatu yaelekea alikuwa na wake watatu. Basi bibi zetu wamo katika hesabu hizo kama nyumba tu. Kisha kikaja kipande, kwa sheria ya mwaka 1915, nacho kiliandikiwa wanaume peke yao.

Tena, Otieno ni kila aliyezaliwa usiku, na Okoth ni kila aliyezaliwa wakati wa mvua. Jina hilo halimtambulishi mtu pasipo jina la baba yake, la mama yake na la ukoo wake. Hayo wayajuao ni wazee. Bwana B. A. Ogot naye alitumia masimulizi ya wazee na nasaba zao katika historia yake ya Wajaluo wa Kusini, iliyotoka mwaka 1967.

Kwa hiyo twaomba kila mji uandike nasaba yake wazee wangali hai, na majina ya akina mama yatangulie, maana hayo karani hakuyauliza.