Ulipata D Lodwar ama huna cheti Kakuma? Cheki njia za kuingia kolej

Manze, wasee wengi wamekaa base wakidhani bila C+ hakuna kolej. C+ ni ya digrii. Diploma inataka C-, cheti cha ufundi D plain, na kozi ya artisan inachukua hata E. Ukimaliza cheti, unapanda diploma bila kurudia KCSE.

Uko Kakuma na ulimalizia sekondari Sudan Kusini? Usirudi Form Four. KNEC hulinganisha cheti chako na KCSE. Kama kimeandikwa Kiarabu, tafuta tafsiri rasmi kwanza.

Na kama wewe ni fundi wa pikipiki ama wa kushona na huna karatasi yoyote? Kuna grade test ya NITA, unaanza Grade 3 ukipanda hadi 1. Kuna pia RPL, mpango wa kutambua ujuzi uliopata kazini. Weka picha za kazi zako na barua za mdosi.

Lakini shika hii: RPL inakusamehe darasa, haikusamehi kupimwa. Msee akikuuzia cheti bila kupimwa, hepa.