Mchezo wa video: kununua au kukodi?

Mnunuzi anayetoka na mchezo wa video katika jumba la maduka la City Centre, Mawaleh, magharibi ya uwanja wa ndege wa Muscat, huamini amenunua mali. Kisheria, mara nyingi alichonunua ni leseni ya kuutumia tu, na leseni hiyo yaweza kukatizwa.

Baadhi ya michezo haichezeki bila ya kuunganishwa wakati wote, kwa njia ya intaneti, na seva, yaani kompyuta kuu za mtengenezaji, hata kama mchezaji yu peke yake. Kampuni husema kufuli hilo huzuia nakala za wizi. Lakini mawasiliano yakikatika, aliyelipa naye hufungiwa nje.

Hayo yalidhihirika Machi 2010. Kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilikuwa imeweka kufuli la aina hiyo katika mchezo wa Assassin's Creed II kwa kompyuta. Seva zake ziliposhambuliwa, wateja halali walishindwa kucheza kwa saa kadhaa. Machi 2013, seva za SimCity, mchezo wa kampuni ya Marekani, EA, zilizidiwa nguvu mara ulipozinduliwa. Mwaka mmoja baadaye EA iliruhusu uchezwe bila ya intaneti.

Pigo zito zaidi ni seva kuzimwa moja kwa moja. Tarehe 31 Machi 2024, Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa mbio za magari uliotoka 2014. Diski zilizokuwa majumbani hazikufaa kitu tena.

Sheria yasemaje?

Nchini Oman, sheria ya hakimiliki ya 2008 inakataza kuvunja makufuli ya kiteknolojia. Mkataba wa biashara huria na Marekani, ulioanza kutumika Januari 2009, nao unadai hivyo. Kwa upande wa pili, sheria ya kumlinda mlaji ya 2014 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo sahihi kuhusu bidhaa.

Kwingineko, tangu Januari 2025 jimbo la California linamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila ya kueleza wazi kuwa anachouza ni leseni. Barani Ulaya, hadi Julai 2025 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wametia saini ombi la kutaka michezo iliyouzwa iachwe ikichezeka hata baada ya kampuni kuitupa mkono.

Kwa familia za Muscat zinazozungumza Kiswahili, ambazo nyingi zilirejea kutoka Zanzibar baada ya 1970, suala hili lagusa pia zawadi kwa jamaa. Mchezo unaofunguka bila ya taabu Mawaleh waweza kukwama Unguja, kifurushi cha intaneti kinapokwisha. Ni vyema kusoma kwenye kasha, kabla ya kulipa, iwapo intaneti inahitajika hata kwa mchezaji mmoja.