Mgeni wa Mito ya Njombe: Habari za Trauti na Ndoana ya Manyoya

Katika nchi ya juu ya Njombe mvua hukoma kwa kawaida mwezi wa Mei. Mito iliyokuwa myekundu kwa udongo huanza kutakata, baridi hushuka usiku, na katika Juni na Julai jalidi huonekana asubuhi juu ya majani. Kule Makambako, penye njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, upepo huwa mkali hata wasafiri hujifunika mablanketi mchana. Wazungu waliokaa huku waliufananisha wakati huo na mwisho wa vuli ya kwao, majani yapukutikapo. Lakini neno vuli halifai hapa. Kwa watu wa pwani vuli ni mvua ndogo zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, na Njombe haina mvua mbili, ina moja tu, ianzayo karibu na Novemba na kwisha Aprili au Mei. Jina lifaalo ni kipupwe. Basi ni katika mwanzo wa kipupwe, maji yanapokuwa safi na baridi, ndipo twataka kusimama ukingoni mwa mto na kueleza habari za samaki mmoja mgeni, jinsi alivyofika, jinsi alivyovuliwa, na kama wenyeji walipata faida kwa kuja kwake.

Samaki huyu ni trauti. Wako wa namna mbili waliojulikana katika nchi zetu. Wa kwanza ni trauti wa hudhurungi, mwenye madoa meusi na mekundu, ambaye asili yake ni Ulaya na Asia ya magharibi. Katika Afrika yote ni mwenyeji wa milima ya Atlas tu, kule Moroko na Aljeria. Wa pili ni trauti wa upinde, aitwaye hivyo kwa sababu ya mstari wa waridi upitao ubavuni mwake. Asili yake ni mito iingiayo katika bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kaskazini na Kamchatka. Wote wawili hutaka maji yaendayo mbio na yenye baridi. Maji yakizidi digrii 20 hudhoofika, na yakifika karibu na 25 hufa. Kwa hiyo katika nchi zetu trauti ni kama mfungwa wa mlima. Maji ya Njombe yaendayo mashariki kwa mto Ruhuji huingia Kilombero, na yale ya mto Mbarali hushuka Usangu yakaingia Ruaha Mkuu, na mwisho wake yote hukutana katika Rufiji. Maji hufika baharini, lakini trauti hawezi kuyafuata, kwa kuwa joto la mabonde ni mauti kwake.

Je, alivukaje bahari za joto? Hakuja mwenyewe, yalikuja mayai yake. Mwaka wa 1864 merikebu iliyoitwa Norfolk iliondoka Uingereza kwenda Australia, imechukua mayai ya samaki yaliyopangwa katika kuvumwani mbichi na kuzungukwa na barafu. Baridi huchelewesha kuanguliwa kwa yai: penye digrii 10 yai la trauti wa upinde huanguliwa kwa siku kama 30, na baridi ikizidi siku huongezeka. Mayai yale yalifika Tasmania yangali hai, na tangu siku hiyo trauti aliweza kupelekwa popote penye barafu na watu wa kuichukua. Katika miaka ya 1890 alizalishwa Jonkershoek, karibu na Stellenbosch, Afrika ya Kusini. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan, yule aliyesafiri kutoka Rasi hata Kairo, aliagiza mayai ya trauti wa hudhurungi kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wake wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Mwaka wa 1910 trauti wa upinde waliletwa Kenya kutoka Afrika ya Kusini. Baadaye, katika siku za utawala wa Waingereza Tanganyika, trauti walitiwa pia katika mito ya nchi ya juu ya kusini, pande za Mufindi, Njombe na Kitulo.

Sasa tuangalie chombo cha kumvulia, maana hapa lugha yetu inaonyesha jambo. Mvuvi wa pwani anayo maneno kamili ya kazi yake: mshipi, ndoana, chambo, na chubwi, yaani risasi au jiwe la kuzamisha mshipi. Mvuvi wa trauti huacha mawili katika hayo manne. Hana chambo, kwa kuwa ndoana yake imefungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Wala hana chubwi, kwa kuwa mshipi wenyewe ni mzito, na uzito huo, ukirushwa kwa ufito mrefu mwembamba, ndio uchukuao manyoya na kuyaweka juu ya maji polepole kama mdudu aliyeanguka. Samaki hadanganywi kwa harufu wala kwa ladha. Hudanganywa kwa macho tu, na kwa hiyo mvuvi hukaribia ameinama, kivuli chake kisianguke majini. Ufundi huu ni wa kale. Aelianus, mwandishi wa Roma, aliandika karibu na mwaka wa 200 habari za watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo juu ya ndoana, wakavua samaki wenye madoa. Basi watu wenye njaa na akili waliubuni ufundi huu karne nyingi kabla ya mabwana wa Uingereza kuufanya mchezo.

Lakini mito haikuwa mitupu kabla ya mgeni kuja. Walikuwamo samaki wadogo, na kambare wadogo wa milimani washikamanao na mawe penye maji ya mbio. Na watu walikuwa na njia zao za kuwapata. Walitega migono, vikapu vyenye mdomo wa kuingilia usio wa kutokea; na wakati maji yapunguapo walitumia utupa. Majani ya mmea huu hupondwa na kutiwa katika kidimbwi, na samaki hulewa na kuelea. Kazi hiyo ilikuwa ya watu wengi pamoja, wanawake na watoto wakiokota kwa vikapu, na kitoweo kilichopatikana kiligawanywa. Twakiri kwamba utupa huua wakubwa na wadogo pamoja, na sheria ya uvuvi ya Tanzania ya mwaka wa 2003 yakataza kuvua kwa sumu. Katazo hilo ni la haki.

Hata hivyo lazima tuseme ukweli wote. Serikali za wakoloni zilitunga sheria za kumlinda trauti. Katika mito ya trauti ya Kenya mtu alipaswa kulipia hati ya ruhusa na kuvua kwa ufito na mshipi. Mgono ukawa kosa. Hivyo mtu aliyerithi mto kwa babu zake aliweza kushitakiwa kwa kutafuta kitoweo, na mtu aliyefika juzi akavua kwa kujifurahisha bila lawama. Wala sumu haikuwa ya Waafrika peke yao. Dawa iliyomo ndani ya utupa, iitwayo rotenoni, ndiyo iliyomwagwa na maofisa wa Marekani katika mto Green mwezi wa Septemba mwaka wa 1962, kuwaua samaki wenyeji wa mto ule ili trauti wa upinde wapandwe mahali pao. Tendo moja huitwa ushenzi mkononi mwa mwenye njaa, na maarifa mkononi mwa mwenye ofisi.

Wazee husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena husema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tukiwapima wageni wa Njombe kwa mithali hizi, twaona tofauti kubwa. Viazi mviringo vilitoka milima ya Amerika ya Kusini. Vilipewa jembe, na sasa magunia yake hushuka Makambako kwenda miji mingi. Miwati ilitoka Australia, na chai ilitoka Asia. Nazo zimefanya kazi, ijapokuwa faida yake haikugawanywa sawasawa. Trauti hakupewa jembe. Alikaa kama mgeni wa heshima, akala samaki wadogo wa mwenyeji, na mwenyeji akakatazwa kumgusa. Si kosa la samaki. Kule Kiganjo, karibu na Nyeri, mayai yake huanguliwa na watoto wake hufugwa, na nyama yake ni njema sana. Yamkini hata huku angeweza kuwa mali ya vijiji vyenye maji ya baridi, akifugwa katika mabwawa yaliyozuiliwa asitoroke mitoni.

Twamaliza kwa ombi. Jina la trauti limeandikwa katika vitabu vingi, pamoja na majina ya waliomleta. Majina ya samaki wadogo waliomtangulia, kwa Kibena na Kikinga, yamo vinywani mwa wazee, pamoja na namna za kusuka mgono na majira ya kuutega. Walimu wa Njombe na Makambako, kipupwe kinapofika na mito kutakata, wawachukue watoto ukingoni pamoja na mzee mmoja, wamwulize, na waandike. Mgeni amekwisha kuandikwa. Sasa na aandikwe mwenyeji.