Kiwiko Hunywa Rangi

Kiwiko hunywa rangi kuliko mkono. Goti hunywa kuliko paja, na kisigino hakishibi. Ukiyajua hayo umeshajua nusu ya kazi yangu, niliyoianza kwa kumshikia bibi yangu bakuli hapa Dunda, nyuma ya nyumba za mawe za Bagamoyo. Bibi alikuwa mpambaji wa maharusi. Akiwa ameshikwa na harusi nyingine, wenye harusi waliisogeza yao mbele, maana hakuna aliyetaka mwali wake aguswe na mkono usiojua.

Wakati ule mwali alitiwa ndani siku saba na kusingwa asubuhi na jioni. Liwa ilisagwa juu ya jiwe kwa maji ya mawaridi mpaka ikawa uji. Ikaongezwa manjano, karafuu zilizopondwa, mrehani na asumini, na langilangi kwa wale waliokuwa na jamaa Unguja, kisha vyote vikakorogwa kwa mafuta ya nazi. Unampaka mwili mzima, unaacha ikaukie kidogo, halafu unasugua kwa kiganja mpaka ule uji ugeuke vumbi na kudondoka pamoja na taka za ngozi. Chini tulitandika kaniki kuukuu, kwa sababu manjano yakishika nguo hayatoki. Baadaye mwali alikaa juu ya kiti cha kamba, chetezo cha udi kikiwekwa chini yake, naye amefunikwa kanga mpaka shingoni.

Hina ilingoja ngozi iwe imekwisha kuandaliwa. Majani ya mhina wa uani yalianikwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa kwa kitambaa chepesi na kukandwa kwa ndimu na chai ya rangi. Ndimu haikuwa mapambo: ukali wake ndio unaoitoa rangi kwenye jani. Mwali alilala mikono na miguu imefungwa matambara. Asubuhi rangi ilikuwa ya chungwa, na wasichana wageni wa shughuli hii walidhani hina imeharibika. Bibi aliwakataza tu wasimguse kwa maji. Kufika jioni ilikuwa imekoza, na kesho yake ikawa kahawia iliyoiva. Hiyo rangi haiingii mwilini. Inashika kwenye tabaka la juu la ngozi, ambalo limekwisha kufa na linasubiri kupukutika, na ndiyo maana viganja na nyayo, penye tabaka nene, hukoza kuliko popote.

Vitu vya bakuli lile havikuwa vya Dunda peke yake. Nazi ni yetu na mhina ni wetu, lakini udi, marashi na manjano yalikuja na majahazi ya India na Uarabuni, na karafuu zilivuka kutoka Unguja. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya kutoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilishuka, merikani, shanga na waya wa shaba vikapanda, na mpagazi aliyepokea ujira wake hapa hakukawia kuutumia hapahapa. Matajiri wa Kihindi waliweka maduka. Mmoja wao, Sewa Haji, alitoa jengo la shule mwaka 1892. Mjerumani aliufanya mji huu makao yake makuu, kisha mwaka 1891 akahamia Dar es Salaam, na meli kubwa zikamfuata. Wanaoandika habari za kuporomoka kwa Bagamoyo huhesabu pembe na forodha. Mimi huwafikiria wapambaji waliozoea kuchagua udi, mara wakalazimika kuchukua uliopo.

Mtu aliyeyaandika maisha ya mji huo kutoka ndani alizaliwa Dunda, karibu mwaka 1869. Ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, imetoka kwenye kalamu yake: kuzaliwa, jando na unyago, harusi, mavazi, ngoma, safari za bara. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Akiwa huko alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, na mwaka 1905 wakapanda meli kurudi pwani hii. Serikali ya kikoloni iliwazuia wasiteremke kama mume na mke. Walirudi Ujerumani, na Mtoro alifia huko mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza Wajerumani jinsi tunavyooza binti zetu alikatazwa kuingia kwao na mkewe kwa sababu ya rangi ya ngozi yake na ya mkewe. Kila nikipita kwenye magofu ya majengo ya Kijerumani hapa mjini, ni hilo ninalolikumbuka kabla ya jingine.

Lakini nisitupe lawama yote baharini. Nimewasikia vijana wakisema bibi zetu walizipenda ngozi zao kama zilivyo na kwamba weupe umeletwa na wazungu na televisheni. Sikubaliani. Sifa ya kwanza ambayo bibi yangu aliingoja kwa wakwe, mwali anapotolewa, ni "ametakata". Siku saba bila jua na manjano mwilini zilimpa mwali rangi iliyopungua, na hiyo ilikuwa sehemu ya makusudi. Huu ulikuwa mji wa waungwana na watumwa. Kaniki nyeusi ilikuwa nguo ya mtumwa, na aliyechomwa na jua alikuwa yule aliyetumwa shambani na kisimani. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, ila macho ya watu hayafutwi na sheria. Ninalowatetea wazee ni jambo moja: mwali wao alirudi kwenye rangi yake baada ya wiki mbili, akaenda shamba, na hakuna aliyemsimanga.

Kopo la krimu ndilo lililoondoa huko kurudi. Krimu za kung'arisha zilikuwa zimeshaenea madukani miaka ya 1960. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa chama cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu hizo, ianze Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Shangazi yangu alikuwa akiishi Dar es Salaam wakati huo. Kopo lake alilificha ndani ya debe la mchele, akawa anapakaa usiku. Operesheni ikapita, kopo likabaki. Baadaye ukaja mkorogo: krimu hii na ile, sabuni na dawa za vidonda, kila muuzaji na siri yake. Haidrokwinoni inayotiwa humo inazuia ngozi isitengeneze rangi yake. Zebaki inafanya hivyohivyo, halafu inaingia mwilini na kuumiza figo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, mamlaka ya TFDA ikawa na kazi ya kuvikamata vilivyokatazwa, na mwaka 2019 vipodozi vikahamishiwa shirika la viwango, TBS. Bado watu wanavipata.

Mimi sihitaji mkaguzi anionyeshe. Ngozi ya mkorogo naijua nikiigusa: nyembamba, ya moto, mishipa inaonekana, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi kwa sababu dawa haikufua dafu. Mtaani wanasema uso Fanta, miguu Koka. Bi harusi wa namna hiyo nikimsinga kwa liwa na karafuu analia, na siyo kwa furaha. Nimewahi kumwambia mama mmoja, "Dada, mwache mwanao apumzike miezi mitatu, ndipo uniletee." Alimpeleka kwa mpambaji mwingine.

Wakati sisi tulikuwa tunamficha mwali na jua, Ulaya walikuwa wanalitafuta. Kwao pia, zamani, weupe ulikuwa alama ya mtu asiyelima. Kazi zilipohamia viwandani, mfanyakazi akawa ndiye aliyepauka, na kuanzia miaka ya 1920 ngozi iliyopigwa na jua ikawa tangazo kwamba mwenyewe ana fedha za kwenda pwani. Kisha wakatafuta rangi hiyo bila jua. Miaka ya 1950, katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, Eva Wittgenstein alikuwa akiwapa watoto wagonjwa dawa ya kunywa iitwayo dihaidroksiasetoni. Aliona kwamba matone yaliyomwagikia ngozi yaliacha madoa ya kahawia, ilhali nguo hazikupata kitu. Kufika mwaka 1960 losheni zenye dawa hiyo zilikuwa madukani, na siku hizi imo kwenye vitambaa vibichi vya kujifutia, kimoja kimoja ndani ya pakiti.

Pakiti ya namna hiyo niliwekewa mkononi na bi harusi wa Kijerumani aliyekuja kuolewa na kijana wa mji huu. Alitaka nimfute, hasa mgongoni, asikofika mwenyewe. Niliinusa, nikamwomba wifi yake anisomee maandishi. Nilipoelewa kwamba ile dawa ni aina ya sukari inayoshikana na protini za tabaka la ngozi lililokufa, kwa njia ileile inayoyapa maandazi rangi, na kwamba hukoza kwa saa kadhaa na kupukutika ndani ya wiki, niliacha kuishangaa. Ni binamu wa hina. Na mtu anayejua hina hahitaji kufundishwa sana.

Alikuwa na aina mbili, ya kukoza sana na ya kukoza pole pole. Nikamwambia ile ya kwanza aiweke. Rangi inayofanana na ya mtu mwenyewe ni ile inayozidi yake kwa hatua moja tu, na ya pole pole unaweza kuirudia kesho, wakati iliyozidi huwezi kuipunguza. Ikizidi kwenye ngozi nyeupe huwa chungwa, na hilo chungwa haliivi kama la hina, linabaki hivyohivyo. Nikachagua pia isiyo na marashi mengi, kwa sababu dawa yenyewe inatoa harufu baada ya saa chache, na harufu mbili zikigombana nyumba nzima inajua. Jioni nilimjaribu sehemu ndogo nyuma ya mkono, tukangoja mpaka kesho yake.

Singo nilimfanyia kavu, ya liwa na maji tu. Ningetia mafuta ya nazi, kitambaa kingeteleza na rangi ingekataa kushika. Mafuta niliyaweka kidogo sana kwenye viwiko, magoti na vifundo vya miguu, ili visinywe kupita kiasi. Mgongo ulichukua kitambaa kimoja, kila mguu kimoja, kwa mizunguko, bila kurudia palipokwisha kukauka. Nikanawa viganja mara moja, la sivyo ningekuwa na mikono ya fundi viatu. Tatizo lililobaki ni hewa ya hapa. Mwongozo wa pakiti umeandikwa kwa nchi ambayo mtu akikaa hatoki jasho. Huku jasho linachora mifereji mgongoni, kwa hiyo tulifanya kazi usiku, feni mbili zikivuma, na yeye amesimama mikono ameitanua, wifi zake wakicheka mpaka wakaketi chini.

Ilitoka vizuri. Mama mkwe alimtazama akasema ana afya. Nikamwonya kwamba rangi ile haimkingi na jua hata kidogo. Akienda ufukweni ajipake kinga yake kama kawaida, maana ngozi iliyo chini haijabadilika.

Halafu akaniomba piko. Aliiona kwa watalii, maua meusi tititi yaliyokauka kwa muda mfupi. Nikakataa, na hapo sina msamaha kwa mtu. Weusi ule hautoki kwenye mhina, ni dawa ya nywele, na mara nyingi ina kemikali ambayo haikuwekwa kwa ajili ya kukaa juu ya ngozi. Nimeona maua hayo yakigeuka malengelenge yenye umbo la maua. Nikamkandia hina ya ndimu, nikamfunga mikono na miguu. Akauliza itachukua muda gani, wifi yake akamjibu mpaka asubuhi. Usiku ule mama yake alipiga simu kutoka Bremen, na ikabidi dada wa bwana harusi amshikie simu sikioni, yeye akieleza kwa Kijerumani kirefu kwa nini hawezi kuishika mwenyewe.