Steere, Hayward na Mafundi wa Mkunazini

Historia za majengo ya enzi ya Malkia Victoria hutaja mara nyingi wasanifu wawili waliofanya kazi katika ofisi moja. Makala haya mafupi yanazungumzia ushirika wa namna nyingine, ambao washirika wake walitenganishwa na bahari. Ushirika huo unatugusa sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa Mkunazini, mahali palipokuwa na soko hilo. Ramani ilichorwa Uingereza na Charles Forster Hayward. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874. Huyu ndiye Steere tunayemfahamu kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wake wa ngano, vyote vya mwaka 1870.

Hata hivyo, ramani peke yake haisimamishi ukuta. Kwa paa, Steere alichagua umbo la pipa lililopasuliwa kwa urefu, lililojengwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wapo waliodhani litaanguka. Halikuanguka. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa humo, nyuma ya altare.

Lakini ni nani walioponda matumbawe hayo? Ni nani waliopanda juu? Wageni wanaotembelea kanisa husikia jina la Hayward na la Steere. Mafundi hutajwa hasa katika kisa kimoja: inasimuliwa kwamba Steere alipokuwa safarini, wao walisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini. Hivyo sifa ya jengo ina wenyewe wanaotajwa kwa majina, ilhali kosa limebaki kwa watu wasio na majina.

Katika kazi ya lugha, Steere huyohuyo alifanya vingine. Dibaji zake ziliwataja waliomfundisha, wakiwemo Hamisi wa Kayi na Sheikh Mohammed bin Ali. Kwa sababu hiyo, leo tunaweza kusema kwamba sarufi ile haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kuhusu jengo, hatuwezi kuwataja waliolijenga.

Hapo pana funzo kwa wanafunzi wetu. Anayekwenda Nyamugari kukusanya msamiati wa waashi au misemo ya wazee, asirudi na orodha ya maneno matupu. Awaombe ruhusa waliomfundisha, kisha aandike majina yao kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu yake. Wao pia ni washirika wa kazi hiyo.