Yates, John R.: utambuzi wa protini kwa spektrometa na kompyuta

John R. Yates III ni mkemia wa Marekani ambaye kazi yake imechangia pakubwa kuiweka kompyuta katikati ya proteomiki, yaani taaluma inayochunguza kwa pamoja protini zote zilizomo katika seli, tishu au kiumbe kwa wakati fulani. Anajulikana hasa kwa SEQUEST, programu aliyoitangaza mwaka 1994 pamoja na Jimmy Eng na Ashley McCormack alipokuwa Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, na kwa mbinu ya MudPIT iliyofuata mwaka 2001, baada ya yeye kuhamia Taasisi ya Utafiti ya Scripps huko La Jolla, California.

Yates alipata shahada ya uzamivu mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Virginia, chini ya Donald Hunt, ambaye maabara yake ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kuonyesha kwamba mfuatano wa asidi amino, ambazo ndizo viungo vya mnyororo wa protini, unaweza kusomwa kwa spektrometa ya tungamo badala ya njia ya kikemia iliyobuniwa na Pehr Edman mwaka 1950. Njia ya Edman hung'oa asidi amino moja baada ya nyingine kuanzia ncha ya mwanzo ya mnyororo, kwa hiyo huenda polepole, hudai sampuli iliyosafishwa sana, na hukwama kabisa pale ncha hiyo inapokuwa imezibwa kikemia, jambo ambalo katika protini za hamira, wanyama na binadamu ni la kawaida. Kutoka Virginia alikwenda kufanya utafiti kwa Leroy Hood katika Taasisi ya Teknolojia ya California, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawa na maabara yake mwenyewe Seattle.

Spektrometa ya tungamo ni chombo kinachopima tungamo, yaani kiasi cha maada, la molekuli zilizotiwa chaji ya umeme, kwa kuzipitisha katika ombwe na kuzitenganisha kwa nguvu za umeme au sumaku kulingana na uwiano wa tungamo na chaji. Kwa kuwa protini nzima ni kubwa na ni vigumu kuichambua moja kwa moja, hukatwa kwanza kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata mnyororo baada ya asidi amino mbili tu, lisini na ajinini. Vipande vinavyopatikana, viitwavyo peptidi, hupulizwa kuingia ndani ya chombo vikiwa katika vitone vyenye chaji, mbinu ambayo ilimpatia John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2002. Chombo hupima peptidi ikiwa nzima, huitenga na wenzake, huigonganisha na gesi hadi ivunjike, kisha hupima vipande vyake. Mchoro wa vilele unaoonyesha tungamo na wingi wa kila kipande ndio uitwao spektra.

Kwa nadharia, spektra hiyo husomeka: vilele viwili vikitofautiana kwa daltoni 57.02 (daltoni ni kipimo cha tungamo la atomi na molekuli), kati yake pana glisini, na vikitofautiana kwa 71.04 pana alanini. Kwa vitendo kazi hiyo ni ngumu. Lusini na isolusini zina tungamo lile lile la 113.08, glisini mbili zikiandamana hufikisha 114.04 ambayo ni sawasawa na asparajini moja, vilele vingine havionekani kabisa, na vingine ni kelele tu za chombo. Mtaalamu mzoefu aliweza kusumbuka kwa saa nyingi na spektra moja, huku chombo kikiendelea kumrundikia nyingine.

Mchango mkuu wa Yates na Eng ulikuwa kuligeuza swali. Hawakuuliza tena spektra inasema nini. Waliuliza ni mfuatano upi, kati ya ile iliyokwisha kuwekwa katika hifadhidata, ambao ungevunjika na kutoa spektra ya namna hiyo. SEQUEST huorodhesha peptidi zote za hifadhidata ambazo tungamo lao linakaribiana na lile lililopimwa, huzipa alama za awali kwa kuangalia vilele vinavyolingana, na kubakiza 500 zilizo bora. Kwa kila mojawapo ya hizo hutunga spektra ya kubuni na kuilinganisha na spektra halisi kwa hesabu ya uwiano mtambuka: spektra moja hutelezeshwa juu ya nyingine hatua kwa hatua, hadi daltoni 75 upande huu na 75 upande ule, na ulinganifu unaopatikana zikiwa zimekaa sawasawa hupunguzwa wastani wa ule unaopatikana zikiwa zimepishana. Ulinganifu wa bahati nasibu huwa karibu sawa popote spektra inapotelezeshwa, ilhali ule wa kweli huchomoza pale katikati. Hatimaye mshindi hupimwa dhidi ya mshindi wa pili, kwa sababu alama kubwa haina maana sana ikiwa peptidi nyingine imeikaribia mno.

Mwaka 1995 kundi hilo hilo lilionyesha kwamba utafutaji huo unaweza pia kubaini protini zilizobadilishwa kikemia baada ya kuundwa, kwa mfano zile ambazo serini yake imeongezewa kikundi cha fosfeti, badiliko linaloongeza daltoni 79.97 na ambalo seli hulitumia kuwasha na kuzima kazi za protini nyingi. Mbinu hiyo ilikuja kwa wakati wake, maana jenomu kamili ya hamira ilitangazwa mwaka 1996, na hifadhidata iliyokuwa na mapengo mengi ikaanza kujaa. Papo hapo lakini ndipo ulipo upungufu wake: programu hupata kile tu kilichoandikwa katika hifadhidata, na protini isiyokuwamo humo hukosekana au, vibaya zaidi, spektra yake hupewa jina la nyingine.

MudPIT ililenga tatizo la sampuli zenye mchanganyiko mkubwa. Hapo awali protini zilitenganishwa kwanza katika jeli, ambayo huzionea zile za utando wa seli na zile zilizo chache. Yates, pamoja na Michael Washburn na Dirk Wolters, walikata protini zote za hamira kwa pamoja, wakazipitisha peptidi katika kijibomba chembamba chenye tabaka mbili, moja likizitenganisha kwa chaji na jingine kwa namna zinavyoepuka maji, na kijibomba hicho kikamwaga moja kwa moja ndani ya spektrometa. Walitambua protini 1,484, zikiwamo 131 zinazopenya utando wa seli mara tatu au zaidi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kazi yenye uzito zaidi katika maabara hiyo pengine ni ile ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, ambayo Laurence Florens, Yates na wenzao waliichapisha katika jarida la Nature la tarehe 3 Oktoba 2002, toleo lile lile lililobeba jenomu ya kimelea hicho. Walichunguza hatua nne za maisha yake: sporozoiti anayekaa katika tezi za mate za mbu, merozoiti anayevamia chembe nyekundu za damu, trofozoiti anayekua ndani yake, na gametositi anayenyonywa tena na mbu. Zaidi ya protini 2,400 zilitambuliwa, na karibu nusu ya zile za sporozoiti hazikuonekana katika hatua nyingine yoyote. Humo humo katika sporozoiti zilikutwa protini za familia za var na rif, ambazo zilifahamika kuwa za uso wa chembe nyekundu zilizoambukizwa na ambazo hakuna aliyezitarajia ndani ya mbu.

Hifadhidata iliyotumika ilitokana na kimelea cha aina ya 3D7, ambacho asili yake ni mgonjwa aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol nchini Uholanzi. Jeni za var hutofautiana sana kutoka kimelea hadi kimelea, hivyo spektra za sampuli iliyochukuliwa kwa mgonjwa wa Muheza au Kilifi zikitafutwa katika hifadhidata ya 3D7 peke yake, sehemu kubwa ya protini hizo itapita bila kutambuliwa.

Kuhusu makosa, miaka ya 2000 ilileta utaratibu ambao sasa ni wa lazima: pamoja na mifuatano halisi, programu hutafuta pia katika mifuatano bandia, kwa kawaida ile ile halisi iliyopinduliwa, na idadi ya majibu yanayoangukia humo hukadiria uongo uliomo katika majibu mengine, majarida mengi hudai usizidi asilimia 1. SEQUEST yenyewe iliuzwa kwa leseni ya kibiashara, lakini Eng baadaye alitoa Comet, programu huria inayotumia uwiano mtambuka ule ule na inayoweza kupakuliwa bila malipo.